Agosti, Mwezi wa Njia Kavu

Kila mwezi wa mwaka una siku zake zilizoandikwa vitabuni, na mwezi wa Agosti haukosi zake. Tarehe 22 Agosti 1871 Mirambo aliingia Tabora kwa moto na bunduki. Tarehe 25 Agosti 1872 David Livingstone aliondoka Kwihara, karibu na mji huo huo wa Tabora, kwenda safari ambayo hakurudi akiwa hai. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wadachi pale Lugalo. Tarehe 27 Agosti 1896 jumba la Sultani lilipigwa mizinga Unguja. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Waingereza iliupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam, na vita vya Wazungu vikawa vimefika kwetu.

Orodha ya namna hii hupendeza, na mwalimu aweza kuitumia kuwazoeza watoto kukumbuka. Walakini msomaji wa Singida akiitazama kwa makini ataona jambo moja: hakuna hata tukio moja kati ya hayo lililotukia katika ardhi yake. Tabora iko magharibi, Lugalo iko kusini, Unguja na Dar es Salaam ziko pwani. Je, aseme kwamba Singida haina Agosti yake? Au aseme kuwa historia hutendwa na watu wa mahali pengine, na watu wa Singida kazi yao ni kusikia habari? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Agosti ya Singida ipo, nayo ni nzito kama ya mahali po pote. Ila haikuandikwa kwa tarehe, iliandikwa kwa hesabu.

Hatuna budi kuanza na ardhi yenyewe na majira yake. Mkoa wa Singida umelala katikati ya Tanzania, juu ya uwanda ulioinuka, wenye majabali makubwa na maziwa ya maji ya chumvi kama Singidani na Kindai. Huko waishi Wanyaturu, Wanyiramba na Wanyisanzu. Kusini, katika Manyoni, wako Wagogo wa magharibi na Wakimbu. Na upande wa Mkalama wako Wahadzabe, ambao wengi wao waliishi kwa uwindaji, matunda na asali. Mvua yao ni moja kwa mwaka. Huanza Novemba au Desemba, na hukoma mwezi wa Aprili au Mei. Mtama na uwele huvunwa baada ya hapo. Hata ifikapo Agosti nafaka imo vihengeni, mashamba yamebaki mabua, mito ya msimu imekauka, na upepo mkavu wavuma juu ya mawe mchana kutwa. Jembe limepumzika. Ni wakati wa kujenga, wa kuoza na kuoa, wa kutembeleana na wa ngoma.

Lakini wakati unaomfaa mkulima kwa mapumziko humfaa msafiri kwa safari, na humfaa mtawala kwa kazi yake. Katika Agosti njia ni kavu, mito yavukika kwa miguu, majani marefu yamekwisha kuchomwa, na chakula cha kununua au cha kunyang'anya kipo katika kila kijiji. Mwenye msafara, mwenye jeshi na mwenye kutoza kodi, wote waliijua siri hiyo. Ndiyo sababu matukio mengi ya bara yaliangukia katika miezi ya kiangazi, na Agosti ukiwa katikati yake.

Yafaa tuseme pia kwamba si kila tukio la Agosti lina asili katika majira. Sayyid Hamad bin Thuwaini alikufa Unguja tarehe 25 Agosti 1896. Sayyid Khalid bin Barghash akaingia katika jumba la ufalme bila ya ridhaa ya Waingereza. Baada ya siku mbili manowari zao zikalipiga jumba hilo kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao mia tano wakauawa au kujeruhiwa. Hapo mvua na kiangazi havikuwa na neno. Kifo cha Sultani hakingoji njia zikauke. Tusemayo yahusu bara, mahali ambapo kila kitu kilikwenda kwa miguu na kwa mabega ya watu.

Tuitazame sasa njia kuu iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora. Njia hiyo ilikata nchi ya Ugogo, ambako watemi walitoza hongo ya vitambaa na shanga kwa kila msafara uliotaka kupita na kuteka maji. Ikisha Ugogo, iliingia katika pori lililojulikana kwa jina la Mgunda Mkali. Pori hilo lilienea katika sehemu kubwa ya nchi iitwayo sasa Manyoni na Itigi. Lilikuwa pori la vichaka vilivyosongamana, lenye maji haba, na misafara ililivuka kwa mwendo wa haraka, wapagazi wakiwa na kiu na mizigo mabegani. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Kiangazi kilikausha njia, lakini kilikausha na visima. Kwa hiyo msafiri wa Agosti alichagua kiu badala ya tope.

Wapagazi wengi wa njia hiyo walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua, ili wakalime. Hivyo kalenda ya biashara ya pembe, iliyowatajirisha watu wa Unguja na wa Bombay, ilifuata kalenda ya jembe la mkulima wa bara. Jambo hili mara nyingi husahauliwa na wale wadhanio kuwa historia ya njia ile ilitungwa na wenye mali peke yao.

Mirambo alipoichoma Tabora tarehe 22 Agosti 1871, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakuu wa Waarabu wa mji ule, akauawa, njia ya kwenda Ujiji ilifungwa. Henry Stanley alikuwako, akauona moshi kutoka Kwihara. Ikambidi kuzunguka kusini ili amfikie Livingstone. Vitabu vimeiandika siku hiyo vizuri. Lakini mambo ya namna hiyo hayakukoma Tabora. Njia ikifungwa magharibi, msafara ulio mashariki husimama. Vitambaa havifiki, hongo hailipwi, bei ya nafaka hubadilika, na wapagazi hukaa bila ya ujira. Mtu wa Mdaburu au wa Jiwe la Mkoa aliweza kulisikia tumbo la vita ile kabla ya kulisikia jina la aliyeipigana.

Mwaka uliofuata Livingstone alikuwa akingoja Kwihara. Stanley alikuwa amekwisha kwenda pwani na kumwajiria watu zaidi ya hamsini, nao walifika kwake tarehe 14 Agosti 1872 baada ya kuwa njiani siku 74 tangu Bagamoyo. Livingstone aliandika shukrani zake kwa Mungu, na siku kumi na moja baadaye akaondoka nao. Miongoni mwao alikuwamo kijana aliyesoma, Jacob Wainwright. Tarehe 1 Mei 1873 Livingstone alikufa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo sasa Zambia. Wainwright, pamoja na Susi na Chuma waliomtumikia Livingstone tangu zamani, na wenzao, waliuchukua mwili wake hadi Tabora, kisha pwani, wakafika Bagamoyo mwezi wa Februari 1874.

Msomaji ataona kwamba twayajua majina ya wapagazi hao kwa sababu ya yule waliyemchukua. Maelfu kwa maelfu ya watu walipita katika Mgunda Mkali, wengine wakafia humo, wala hakuna kitabu kilichowataja. Si kwamba hawakuhesabiwa. Walihesabiwa kila asubuhi, maana mkuu wa msafara hawezi kuondoka kambini pasipo kuhesabu mizigo, na kila mzigo una kichwa chini yake. Kilichohesabiwa ni mzigo. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya Agosti katika nchi ya Singida.

Hesabu ya pili ililetwa na Wadachi. Tarehe 17 Agosti 1891 Emil von Zelewski aliliongoza jeshi lake katika nchi ya Wahehe, akaingia katika mtego wa Mkwawa pale Lugalo, akauawa yeye na sehemu kubwa ya watu wake, na bunduki zao zikachukuliwa. Wadachi walipata kujua siku hiyo kwamba bara halitatawaliwa kwa kupita tu. Katika miaka iliyofuata walizidi kutia ngome juu ya njia kuu, na mojawapo ilikuwa Kilimatinde, juu ya ukingo wa bonde la ufa, mahali ambapo aliye na bunduki aweza kuutazama uwanda wa Ugogo ulio chini yake. Baadaye wakajenga ngome Mkalama, katikati ya nchi ya Wanyiramba na Wanyisanzu.

Ngome haikai bure. Mwaka 1897 serikali ya Wadachi ilitangaza kodi ya nyumba, na toka hapo mtu wa bara alianza kujifunza kwamba nyumba yake ina idadi katika daftari ya mtu mwingine. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa mifugo, kwa nafaka au kwa kazi. Na wakati mwafaka wa kuzungukia vijiji kwa ajili hiyo ulikuwa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, mtu anapokuwa na kitu. Hata leo yuko mzee ambaye akiulizwa idadi ya ng'ombe zake hujibu kwa mafumbo. Vijana humcheka, wakidhani ni ushirikina wa kale. Yamkini upo ushirikina kidogo. Lakini upo na ujuzi. Katika maisha ya baba zake, aliyekuja kuhesabu ng'ombe alikuwa ndiye aliyeondoka nao.

Kusini ya nchi kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilizaa vita vya Maji Maji katika mwaka 1905. Kinjikitile, aliyewapa watu maji ya kuwaunganisha, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Lakini kamba haikuzima moto. Mnamo tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa walipokuwa wakisafiri kwenda Liwale, na tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliivamia ngome ya Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za rashasha. Siku hizo zote zajulikana kwa tarehe. Waliokufa hawajulikani hata kwa idadi. Wadachi wenyewe walikadiri watu 75,000, na wanahistoria wa baadaye wamefika 250,000 hata 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa iliyofuata baada ya mashamba na vihenge kuchomwa. Tofauti kati ya makadirio hayo yazidi watu laki moja na nusu. Watawala waliojua idadi ya nyumba za kutozwa kodi hawakuona haja ya kujua idadi ya makaburi.

Maji Maji hayakufika Singida, lakini Singida nayo ilikuwa na upinzani wake mwanzoni mwa karne hiyo hiyo. Wanyaturu wamemhifadhi katika masimulizi yao mwanamke aitwaye Liti, mganga na kiongozi, aliyewakusanya watu wasikubali kutawaliwa. Yasimuliwa kwamba silaha yake ilikuwa nyuki: askari wa Wadachi walipokuja, makundi ya nyuki yaliwaangukia, wakatawanyika. Mwisho wake Wadachi walimwua. Mtu aweza kubishana juu ya nyuki akitaka. Asiloweza kubishana nalo ni kwamba watu waliokuwa hawana bunduki walimwona mwanamke mmoja kuwa anastahili kufuatwa, na kwamba watawala walimwona kuwa anastahili kuuawa.

Masimulizi hayakumwekea Liti tarehe. Hana siku yake katika Agosti wala katika mwezi mwingine; mambo yake husimuliwa kwa kutaja mahali, vizazi na nyuki. Mwenye kupenda kalenda ataona huo ni upungufu. Lakini tumwulize: tarehe ya Lugalo twaijuaje? Twaijua kwa kuwa Zelewski alikuwa na serikali ya kumwandikia kifo chake. Tarehe ya Mohoro twaijuaje? Twaijua kwa kuwa aliyenyonga alikuwa na wino. Tarehe ni shahidi mwema, lakini huitwa barazani na yule anayejua kuandika. Liti aliitwa na watu wake kwa njia nyingine, na hivi leo uwanja wa mpira wa mji wa Singida wachukua jina lake, ambapo jina la ofisa aliyeamuru auawe hakuna mtoto wa mji ule anayelijua.

Sasa twaja kwenye Agosti iliyokuwa mbaya kuliko zote. Vita vya mwaka 1914 havikuanza kwa ajili ya Singida, wala havikungoja kiangazi cha Singida. Manowari ya Astraea ilipiga mizinga Dar es Salaam tarehe 8 Agosti. Tarehe 15 Agosti Wadachi wakaitwaa Taveta katika mpaka wa Kenya. Kwa mwaka mmoja na nusu bara ya kati ilikaa nyuma ya vita, ikitoa nafaka, ng'ombe na watu kwa jeshi la Wadachi. Kisha, mwezi wa Aprili 1916, jenerali Jacob van Deventer, Kaburu aliyetumikia Waingereza, aliingia Kondoa Irangi, jirani wa Singida kwa upande wa mashariki. Na hapo mvua ilimkamata. Njia zilikuwa tope, farasi walikufa kwa wingi, magari yalizama, askari walishikwa na homa na njaa, na jeshi lililokuja mbio likakaa hapo kwa majuma mengi pasipo kusonga.

Ardhi ilipokauka, jeshi likainuka. Tarehe 29 Julai liliingia Dodoma, na kufikia mwisho wa mwezi huo lilikuwa limeishika reli hata upande wa Kilimatinde. Agosti ya 1916 ikawa ni mwezi wa kupokea miji: Mpwapwa tarehe 12, Bagamoyo tarehe 15, Kilosa tarehe 22, Morogoro tarehe 26. Kutoka magharibi Wabelgiji walikuwa wakija na askari wao wa Kongo, wakaitwaa Tabora tarehe 19 Septemba. Nchi ya Singida na Manyoni ikawa katikati ya majeshi mawili, nyuma yake ikiwa na serikali iliyokuwa ikikimbia na mbele yake serikali iliyokuwa haijakaa.

Vitabu vya vita husimulia mwendo huo kama mchezo wa bao, kete ikihama kutoka nyumba hata nyumba. Lakini kila jeshi lilikuwa na tumbo na mgongo. Tumbo lililishwa kwa vihenge vya wakulima na mifugo ya wafugaji. Wadachi walitwaa walipokuwapo, na Waingereza wakatwaa walipofika. Mgongo ulikuwa wa wapagazi. Kwa kuwa farasi na nyumbu walikufa kwa ndorobo, na magari yalikuwa machache, mizigo ya jeshi ilirudi katika mabega yale yale yaliyobeba pembe za zamani. Vijana walikamatwa vijijini, wakafungwa pamoja wasitoroke, wakapelekwa kusini ambako hawakuwa na jamaa wala hawakukijua chakula cha huko. Kwa upande wa Waingereza peke yake hesabu za serikali zilikubali wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wako wanahistoria ambao husema idadi ya kweli yakaribia 100,000. Wengi waliuawa na kuhara, homa na uchovu, si na risasi.

Kijana wa kiume akiisha kuchukuliwa, shamba hulimwa na nani? Ng'ombe wakiisha kutwaliwa, mwaka wa ukame mtu atauza nini apate nafaka? Wagogo waliishi siku zote katika nchi yenye ukame, nao walikuwa na dawa zao: mifugo ya kubadilishana, jamaa wa mbali, akiba ya miaka miwili. Vita viliziondoa dawa hizo zote kwa pamoja. Mvua iliposhindwa, ikaja njaa ya miaka ya 1917 mpaka 1920, ambayo Wagogo waliipa jina la Mtunya, na juu yake ikaongezeka homa ya mafua iliyoenea duniani kote katika mwaka 1918. Makumi ya maelfu ya watu walikufa katika Ugogo. Hivyo ndivyo Agosti ya 1916 ilivyomalizika katika nchi hiyo: si tarehe 31 ya mwezi, bali baada ya miaka minne. Mwenye kuandika kwamba Kilosa ilitwaliwa tarehe 22 ameandika kweli. Asipoandika Mtunya ameandika nusu ya kweli.

Tumeona basi hesabu tatu: ya mizigo, ya nyumba na ya migongo. Zote zilikuja kwa njia kavu, na katika zote mtu alihesabiwa kwa ajili ya kile kitakachotolewa kwake. Je, mambo yalikwisha hapo? Hayakwisha; maana Agosti nyingine ilikuja.

Mwezi wa Agosti 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ilifanya sensa yake ya kwanza. Ya pili ikafanywa Agosti 1978, ya tatu Agosti 1988, ya nne Agosti 2002, ya tano tarehe 26 Agosti 2012, na ya sita tarehe 23 Agosti 2022. Sensa sita, na zote katika mwezi mmoja. Sababu yake ni ile ile waliyoijua wenye misafara: njia zapitika, mavuno yamekwisha, watu wako majumbani mwao. Serikali huru ilipotaka kuwafikia watu wake wote, ilichagua mwezi waliouchagua watawala waliotaka kuwafikia kwa nia nyingine.

Kanuni ya sensa yafaa kufikiriwa. Mtu huhesabiwa mahali alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Hatazamwi kwa kabila lake wala kwa mali yake. Mgeni huhesabiwa, mgonjwa aliye hospitali huhesabiwa, mchungaji aliyelala porini na ng'ombe hutafutwa, na mtoto aliyezaliwa jioni ile huwa mmoja kamili, sawa na mkuu wa mkoa. Katika sensa ya 2022 makarani walikwenda na vishikwambi mpaka kwa Wahadzabe wa Mkalama, watu ambao hawana kihenge cha kutozwa wala zizi la kunyang'anywa, na ambao kwa hiyo hesabu za zamani hazikuwa na shughuli nao.

Kwa hesabu hiyo Mkoa wa Singida ulikuwa na watu 613,949 mwaka 1978; mwaka 2012 walikuwa 1,370,637; na mwaka 2022 walifika 2,008,058, katika taifa la watu 61,741,120. Nchi iliyopoteza wana wake katika njia za wapagazi na katika Mtunya imeongezeka zaidi ya mara tatu katika muda wa miaka 44. Idadi hizi si mapambo. Kwazo huamuliwa shule ijengwe wapi, zahanati ipate dawa kiasi gani, na jimbo lipi ligawanywe.

Sitaki msomaji adhani kwamba nasema hesabu ya serikali huru ni njema kwa kuwa tu serikali ni huru. Daftari haina moyo. Idadi ya watu yaweza kuleta kisima, na yaweza kukaa kabatini mpaka sensa nyingine ije. Na mtu aliyehesabiwa mara sita bila ya kuona maji karibu na nyumba yake ana haki ya kuuliza alihesabiwa kwa nini. Lakini ipo tofauti moja ambayo haifai kudharauliwa. Mpagazi wa 1916 hakuwa na mahali pa kuuliza swali hilo. Raia wa leo anapo, na idadi yenyewe ni ushahidi wake. Aweza kusimama katika mkutano wa kijiji na kusema: mlituandika kuwa tuko watu kadha wa kadha, wako wapi walimu wa watoto wetu? Kuhesabiwa kunakompa mtu haki ya kudai ni tofauti na kuhesabiwa kunakomwachia deni la kulipa.

Agosti ina siku nyingine iliyo karibu na moyo wa mkulima, nayo ni tarehe 8, Sikukuu ya Wakulima, ambayo watu huiita Nane Nane. Wenyeji wa Singida na wa Dodoma hukutana katika viwanja vya Nzuguni, mjini Dodoma, na kuonyesha kazi zao. Wa Singida huleta alizeti na mafuta yake, vitunguu, kuku, mtama, na asali ya Manyoni na Itigi. Mgunda Mkali, pori ambalo misafara ililikimbia kwa kiu, limekuwa pori la mizinga ya nyuki. Na mizinga iliyotajwa katika habari za tarehe 8 Agosti 1914 ilikuwa ya namna nyingine.

Basi mwalimu wa Singida akitaka kuwafundisha watoto siku za Agosti, asiitupe ile orodha tuliyoanza nayo. Tarehe ni misumari, na bila ya misumari habari huanguka. Ila kwa kila tarehe awaulize watoto maswali matatu: nani aliyeiandika, nani aliyechukua mzigo siku ile, na watu wa hapa kwetu walikula nini mwaka uliofuata. Maswali hayo yataitoa Lugalo mpaka Kilimatinde, na Morogoro mpaka Mtunya. Watoto wataona ya kwamba babu zao hawakukaa kando ya historia wakiitazama ikipita. Ilipita juu ya mabega yao, katika mwezi wa njia kavu, nao waliijua kwa uzito wake.